Vifuniko vya chuma kwenye besi: uzoefu wangu, na kwa nini simpigii tena fundi simu

Naanza na hukumu kabla hasira hazijapoa: ukinunua gitaa la besi likiwa na vifuniko vyake vya chuma, usimwachie fundi avitoe. Ukitaka vitoke, vitoe mwenyewe sebuleni kwako, kwa bisibisi yako, na skrubu uzifunge kwenye karatasi.

Besi yangu ni ya muundo wa Precision, ule wa kampuni ya Kimarekani ya Fender, imetumika, kichwani haina jina la kujivunia. Ilikuja na vifuniko viwili. Kimoja kimekaa juu ya pikapu (nasema pikapu ya gitaa, kile kidude cha sumaku kinachonasa mlio wa nyuzi, siyo ile inayobeba mchanga). Kingine kimefunika daraja, kule nyuma nyuzi zinakofungwa. Wiki ya kwanza nilivichukia. Kile cha pikapu kinakaa palepale vidole vinapotaka kwenda, na ukijaribu kuvuta uzi kwa kidole ili upige ule mtindo wa kuchapa, unagonga bati.

Halafu nikafungua cha daraja, na ndani nikakuta kipande cha sponji kimekauka, ukikigusa kinamomonyoka kama biskuti iliyoloa chai ikakauka tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Fender walipotoa Precision mwaka 1951 waliiuza imefunikwa hivyohivyo, na sponji ya ndani ya kifuniko kazi yake ilikuwa kubana nyuzi zisivume muda mrefu. Nikakata kipande cha godoro kuukuu, nikabandika, nikafunga. Jamani! Besi ikaacha kusema "duuuum" ikawa inasema "du", inaingia na teke la dramu na kutoka nalo. Kwa nyimbo za dansi za zamani, ambazo ndizo zinanilipia umeme, sikuwahi kupata sauti nzuri kama ile. James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown pale Detroit, alipiga Precision ya 1962 bila kuivua vifuniko, kwa kidole kimoja tu cha shahada, vingine vimeegemea juu ya kile bati la pikapu. Nikajaribu na mimi kuegemea. Mkono ukatulia. Nikaanza kuvipenda.

Sasa njoo kwa fundi. Sikumbuki vizuri ilikuwa lini, ila mvua zilikuwa zimeanza. Nilimpelekea besi kwa sababu moja: tundu la jeki, pale waya wa amplifaya unapochomekwa, limelegea, sauti inakatikakatika. Kazi ya nusu saa. Siku tatu zikawa wiki mbili, "njoo kesho" zikawa nyingi, mpaka nikaenda bila kumwambia. Nikakuta besi imeegeshwa ukutani, uchi. Na kifuniko changu cha daraja kiko mezani, kimegeuzwa tumbo juu, ndani kuna vichungi vitano vya sigara, kimoja bado kinafuka, na kipande changu cha godoro kimeungua pembeni.

"Fundi, hiki si cha besi yangu?"

Hata hakuinua macho. "Ah, hilo? Braza, siku hizi nani anapiga besi imevaa sufuria? Nimekusaidia."

Amenisaidia! Kinachoniuma zaidi ni kwamba Wamarekani wenyewe toka zamani kifuniko hiki wanakiita kisahani cha majivu, maana wapigaji wengi walikuwa wanakifungua na kukitumia hivyohivyo. Yule bwana hajawahi kusikia habari hiyo. Amefika hapo kwa akili yake mwenyewe. Na cha pikapu? "Labda kijana amekipeleka na chuma chakavu." Labda! Akanidai pesa yote, nami nikalipa, kwa sababu jioni nilikuwa na kazi.

Jioni hiyo ukumbini besi ikaanza kunguruma kama friji bovu. Nikamtukana fundi moyoni, nikaapa ni kwa sababu ya kile kifuniko cha pikapu kilichopotea, maana kikiunganishwa na ethi kinasaidia kuzuia kelele. Lakini nikigusa kitufe cha chuma cha volumu kelele zinapungua, nikigusa nyuzi wala. Kesho yake nikafungua daraja: waya unaopita chini yake, ule unaounganisha nyuzi na ethi, umekunjwa pembeni, haugusi kitu. Kwa hiyo kifuniko nimekionea. Fundi sijamuonea.

Sasa niseme la kunidhalilisha. Wiki chache baadaye tulipiga kwenye sendofu, vijana watupu, wakataka nyimbo zao. Besi haina kifuniko hata kimoja. Nikalaza kiganja juu ya daraja, nikawa nabana nyuzi ninapotaka na kuachia ninapotaka, kitu ambacho bati lile halikuwahi kuniruhusu. Mpiga solo wetu, ambaye kusifu kwake ni mpaka alipwe, akageuka akaniambia, "Kaka, leo linaongea." Nilitamani kumnyamazisha. Maana yake ni kwamba yule mvuta sigara alikuwa na hoja.

Kwa hiyo cha pikapu sikitafuti tena. Kama kimeyeyushwa kikawa nondo, sawa. Cha daraja ndicho kinachonisumbua. Nilikwisha kuamua kisirudi. Halafu tukaitwa kupiga kwenye shughuli ya wazee, nikasikia mlio unavyovuma na kuchafua kila kitu, nikakikumbuka. Nikakiosha kwa sabuni ya unga mara tatu, nikaweka godoro jipya, nikakifunga. Sasa kinatoka na kurudi kulingana na kazi, na tundu za skrubu zimeanza kulegea, jambo ambalo nalo namwandikia fundi kwenye makosa yake.

Sauti imerudi. Ila taa za jukwaani zikiwaka kwa saa nzima na chuma kikapata moto, inapanda harufu ya sigara, na kila mara lazima mmoja wetu aulize nani anavuta humu ndani.