Siku tatu za farasi Kildare: nilienda kuangalia hela za serikali zinaishia wapi

Naanza na alama kabisa ili mwenye haraka asihangaike: safari nzima naipa nyota nne kati ya tano. Ziara ya Irish National Stud, shamba la umma la kuzalisha farasi wa mbio pale Tully, Kildare, hapa Ireland, ni tano bila ubishi, siku ya uwanja wa mbio wa Punchestown ilikuwa raha, na mbio za shambani za Jumapili ningekuwa na nyota ya sita ningewapa. Hiyo moja niliyokata imekatwa na chumba nilicholala pamoja na jambo lingine ambalo nitalisema huko chini.

Tuelewane kwanza, mimi sio mtu wa farasi. Nakaa Dublin, na kila bajeti ikisomwa naskia mjadala ule ule, kwanini serikali inatoa mamilioni kwa ajili ya farasi wakati watu hawana nyumba. Na ni mamilioni kweli. Mwaka 2024 mfuko wa mbio za farasi na mbwa ulipewa euro milioni 95, na kwa mgao uliopo asilimia 80 inaenda kwa farasi, yaani milioni 76, kinachobaki ndo cha mbwa. Nikasema badala ya kubishana kwenye basi ngoja nikaone mwenyewe. Nikachagua mwisho wa Aprili kwasababu ndo wakati wa tamasha la Punchestown na watoto wa farasi bado wanazaliwa, ukienda Novemba utaona matope na mablanketi tu.

Jumapili jamaa yangu wa kazini akanipeleka kwa gari upande wa Wexford kwenye mbio ambazo wenyewe wanaziita point-to-point. Usitegemee jukwaa la maana wala kofia za manyoya. Ni shamba la mkulima, kamba zimefungwa, uzio wa kurukwa umejengwa kwa matawi, gari la chipsi liko kona moja, ambulensi kona nyingine, na wanaosimamia karibu wote ni watu wa kijijini wanajitolea. Kiingilio hakikufika hata euro 20. Wapanda farasi ni wa ridhaa, hawalipwi kama majoki wa kwenye televisheni. Mchezo wenyewe wa kuruka vizuizi unasemekana ulianzia hii hii Ireland, Cork mwaka 1752, jamaa wawili walibishana nani ana farasi bora wakashindana kutoka kanisa la Buttevant mpaka la Doneraile, mnara wa kanisa ndo ulikuwa alama yao.

Dakika ishirini za mwanzo nilidhani nimekuja kwenye pikniki yenye baridi. Halafu nikaanza kuona kuna watu hawaangalii mbio kama wengine, wamesimama pembeni simu sikioni, farasi akimaliza wanamfuata wanamtazama miguu, wanaongea na mwenye mali kwa sauti ya chini. Kumbe ile ni soko. Mtu ananunua farasi wa miaka mitatu mnadani, hajawahi kukimbia, anamlisha na kumfundisha nyumbani majira ya baridi yote, akifika miaka minne anamleta shambani kama hapa. Akishinda bei yake inapaa ndani ya dakika sita, na wanaonunua wengi wanatoka kwenye mazizi makubwa ya Uingereza. Yule farasi Jonbon aliyekuja kuwa nyota huko Uingereza alishinda mbio za namna hii Dromahane, Cork, mwaka 2020, mwaka huo huo akauzwa pauni 570,000. Sio kila mtu anapata hiyo bahati jamani, wengi wanarudi nyumbani na farasi yule yule na deni la nyasi. Lakini hapo ndo nikaelewa kwanini mkulima wa ng'ombe anahangaika na mnyama anayekula kama mgeni wa heshima.

Nikajikuta nimesimama na mzee mmoja mwenye koti lililowahi kuwa la kijani. Nikamuuliza kizushi tu, mzee huyu farasi wako akishinda unafanyaje? Akasema nabadilisha paa. Na asiposhinda? Akasema tunaendelea kutega ndoo. Alisema bila kucheka. Nikamuuliza tena farasi mmoja kama huyu watu wangapi wanakula kwake, akaanza kuhesabu kwa vidole: fundi wa viatu vya kwato anakuja kila baada ya wiki nne mpaka sita, daktari wa mifugo, jirani anayemuuzia majani makavu, mwingine anayemuuzia nyasi za kutandika, mwenye lori, fundi wa matandiko, binti wa jirani anayempanda asubuhi kabla ya kwenda chuo, duka la chakula cha mifugo. Vidole vikaisha akaanza mkono wa pili, akafika kwa mwenye baa akaacha, akasema huyo usimwandike mama watoto atasoma. Farasi wake alimaliza wa pili, kwa tofauti ya kichwa tu.

Jumatatu Tully. Kutoka stesheni ya Heuston ni treni moja kwa moja mpaka mji wa Kildare, hata saa haifiki. Hapa nilienda nikiwa na wasiwasi kwamba nitauziwa maua na kahawa ya bei mbaya, nikakuta mtembezaji anayejua kazi yake mpaka unamwonea huruma, maana maswali ya watoto hayaishi. Shamba lilianzishwa mwaka 1900 na tajiri mmoja wa Scotland, William Hall Walker, mtu aliyeamini nyota kuliko madaktari, mtoto wa farasi akizaliwa anapigiwa ramani ya nyota, nyota ikiwa mbaya anauzwa. Mabanda ya madume aliyaweka madirisha kwenye paa ili mwezi na nyota ziwamulike. Ungesema kichaa, lakini mwaka 1909 farasi aliyezalishwa hapo, Minoru, alishinda Derby ya Epsom, mbio kubwa ya Uingereza, akiwa na rangi za mfalme Edward VII. Jina Minoru lilikuwa la mtoto wa Tassa Eida, Mjapani aliyejenga ile bustani ya Kijapani kati ya 1906 na 1910, ambayo tiketi yako inaingia na huko pia, usiondoke bila kupita. Baadaye shamba likaja mikononi mwa serikali ya Ireland, na tangu 1946 linaendeshwa na kampuni ya umma. Makumbusho wameweka mifupa ya farasi Arkle, yule aliyechukua Gold Cup ya Cheltenham, Uingereza, mara tatu mfululizo 1964 mpaka 1966. Nilikuta mzee amevua kofia mbele ya ile mifupa, sitanii.

Ila kilichonifungua macho ni maelezo ya upandishaji. Farasi wa mbio wa damu safi hawaruhusiwi kuhimilishwa kwa mbegu za mrija popote duniani, lazima jike na dume wakutane uso kwa uso, la sivyo mtoto haandikishwi kwenye kitabu cha ukoo na hatakimbia. Ng'ombe wa maziwa mbegu yake inasafiri ndani ya chupa, mkulima hatoki hata getini. Farasi hapana, jike linapakiwa kwenye lori linapelekwa kwa dume, mara nyingi lina mtoto mchanga kifuani, linakaa wiki kadhaa kwenye shamba la pale, linalishwa, linapimwa, linalindwa usiku. Mimba miezi 11. Na kwasababu kila farasi wa mbio wa huku nusu ya kaskazini ya dunia anahesabiwa kutimiza mwaka Januari mosi, wote wanakimbilia mtoto azaliwe mapema, msimu unaanza Februari na hakuna anayelala. Kwa hiyo sheria moja ya kizamani ya ukoo ndo inafanya dereva, mlinzi wa usiku, daktari na mwenye majani wawe na kazi vijijini. Kesho ikifutwa, nusu ya vile vidole vya mzee wa Jumapili vinakunjwa.

Na dume lenyewe ni kiwanda. Invincible Spirit wa hapo hapo Tully, kuna miaka mwenye jike alikuwa anatozwa euro 120,000 kwa jike mmoja kupandwa naye. Mpaka 2008 mapato ya namna hii Ireland hayakuwa yanalipiwa kodi, msamaha uliowekwa 1969, na hapo ndo mashamba makubwa kama Coolmore kule Fethard, Tipperary, yalinenepa. Ukipenda kulalamika lalamikia hiyo, mimi nalalamika nawe. Lakini pia hayo ndo mashamba yanayoajiri watu kwenye sehemu ambazo benki na posta zimefunga. Kwanini ni hapa na sio kwingine? Majani. Udongo wa Kildare na Tipperary umekaa juu ya mawe ya chokaa, mtoto wa farasi anakula mifupa yake kutoka ardhini, na mvua ambayo sisi tunailaani kila siku ndo inaotesha.

Hesabu yenyewe, kwa wanaopenda hesabu: ripoti ya kampuni ya ushauri ya Deloitte iliyotumia takwimu za 2022 inasema sekta nzima inazungusha euro bilioni 2.46 na kubeba ajira 30,350, za moja kwa moja na zile zinazosukumwa. Nchi ina watu milioni tano na kidogo tu. Sasa iliyoagiza ripoti ni Horse Racing Ireland wenyewe, chombo kinachosimamia mbio za farasi, ambao ndo walipokea ile milioni 76, kwa hiyo isome kama unavyosoma barua ya kuombea kazi, mtu hajiandiki vibaya. Ila hata ukipunguza theluthi bado ni watu wengi, na hawako Dublin. Wafugaji wengi sio matajiri, ni watu wenye jike mmoja au wawili nyuma ya nyumba.

Jioni nilipita uwanda wa Curragh, farasi wanafanya mazoezi asubuhi kwahiyo nilikuta kondoo tu na upepo, wewe nenda mapema kuliko mimi. Dukani Kildare mjini foleni nzima nyuma yangu wanaongea Kireno, Wabrazili, vijana wapanda farasi wa mazoezi. Kuna shule ya majoki pale, RACE, tangu 1973, lakini watoto wa Ireland wanaotaka kuamka saa kumi na moja asubuhi kwenye barafu wanapungua, mazizi yanategemea wageni sasa. Na hapa ndo ile nyota yangu ilikatika nusu. Kwenye mazungumzo yote matamu ya siku tatu, wanaosafisha mabanda wanatajwa mwisho au hawatajwi, na farasi wasioshinda hawatajwi kabisa. Juni 2024 televisheni ya RTÉ ilionyesha jinsi farasi wanavyofanyiwa kwenye machinjio, nchi ikatetemeka wiki mbili tatu. Maelfu ya watoto wa farasi kila mwaka, washindi wachache, waliobaki wanaenda wapi? Sekta inayokula hela ya umma ijibu hilo bila kuulizwa.

Nusu nyingine imekatwa na chumba. Nyumba ya wageni maeneo ya Naas, jina naliacha, wiki ya tamasha bei imezidishwa zaidi ya mara mbili, maji ya moto yanakuja yakijisikia, chai ya asubuhi imepoa na mwenyeji ananiambia nina bahati nimepata. Nilikasirika kweli. Halafu akaniambia hizi siku tano ndo zinamlipia mafuta ya kupashia nyumba joto mpaka Machi, hasira ikabaki lakini ikapungua makali. Kata tiketi ya chumba miezi mitatu kabla au lala Dublin urudi kwa treni.

Jumanne ni Punchestown, siku ya kwanza ya tano, na kwa jumla wanapita watu zaidi ya laki moja. Sina mengi. Kelele, suti, mkeka wangu wa euro 10 uliungua kwenye mbio ya kwanza, Willie Mullins, mkufunzi wa farasi wa Carlow, anashinda mpaka inakera, yaani ukiwa huna muda wa kusoma karatasi beti farasi wake tu. Mabasi kutoka mjini yalijaa, baa za Naas hazina pa kusimama, vinyozi walikuwa na foleni tangu asubuhi. Nzuri, lakini kama una siku moja tu nenda shambani Jumapili, vaa buti, na hela taslimu beba kwasababu gari la chipsi halitaki kadi.

Nikiwa naondoka nikamwona yule mzee, koti safi safari hii. Nikamuuliza habari za paa. Akasema wamempigia wawili, mmoja amekuja na daktari wake, daktari ameshika miguu ya farasi nusu saa nzima halafu wameondoka bila kusema neno, wamesema watapiga Ijumaa. Mvua ilikuwa inaanza. Akaangalia juu, akafunga vifungo vya koti.