Process and Reality ya mtumba, Mwanjelwa: elfu tisa, haina faharasa

Nimefundisha hesabu sekondari miaka thelathini na moja, kwa hiyo jina la Alfred North Whitehead nalifahamu zamani. Ndiye aliyeandika na Bertrand Russell yale majuzuu matatu ya 1910 hadi 1913 ya kuisimamisha hesabu juu ya mantiki, ambamo unasoma mamia ya kurasa kabla hujafika moja kujumlisha moja. Nilipoliona jina hilo juu ya kitabu kimoja kwenye meza pembeni ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, nikajua nimeokota hesabu.

Kijana alikuwa amekiweka katikati ya vitabu vya uhasibu.

"Shikamoo baba. Hicho cha menejimenti, kinafundisha mchakato wa kazi."

"Marahaba. Bei?"

"Kumi na tano."

Tukamalizana kwa tisa. Nikapanda Coaster ya Tukuyu, nikakifungua Uyole, na tunapita magunia ya viazi ya Isongole bado niko ukurasa wa tatu. Si menejimenti, wala si hesabu.

Ni falsafa. Whitehead, mzaliwa wa Uingereza wa 1861, aliitwa Harvard mwaka 1924 akiwa na miaka 63, umri ambao walimu wa huku tunahangaikia mafao. Kitabu kimetokana na mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka wa masomo wa 1927–28, kikachapwa 1929 na makosa mengi mno. Nakala yangu ni toleo lililosahihishwa na David Ray Griffin na Donald Sherburne, la 1978, na kama unakitafuta, tafuta hilo. Karatasi imekuwa rangi ya chai ila herufi zinasomeka hata kwa miwani yangu ya Kabwe.

Lugha yake inachosha, niseme mapema. Maneno anayapa maana zake mwenyewe, prehensheni (kudaka yaliyotangulia), konkresensi (kuyafunga kuwa kitu kimoja), halafu anayatumia kana kwamba ulikuwepo wakati anazitunga. Usikianze mwanzo. Mimi nilirudi nyuma mara tatu, nikakiacha wiki mbili juu ya kabati.

Kilichonirudisha ni mgomba. Nilikuwa nakata mmoja uliokwisha kuzaa, nyuma ya jiko. Panga linaingia bila kugota, maji yanachuruzika, na ukiutazama ule mkato unaona huo tunaouita shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, moja ndani ya jingine, kila moja na vijumba vidogo kama sega la nyuki. Katikati kuna kile kibomba cheupe kilichopandisha mkungu, basi. Pembeni chipukizi limeshafika kiunoni. Nyumbani tunasema huu ni mgomba wa marehemu baba, na kweli aliupanda yeye, lakini hakuna hata ganda moja hapo ambalo mkono wake uliligusa.

Hicho ndicho Whitehead anachosema kuhusu kila kitu, jiwe, mbwa, mimi na wewe. Dunia haikujengwa kwa vitu vilivyotulia ambavyo mara mojamoja hutokewa na mambo. Imejengwa kwa matukio. Kila tukio dogo linayadaka yaliyotangulia, linayafunga pamoja kwa namna yake, linakamilika, linakufa, nalo linageuka mali ya tukio linalofuata. Wengi wanakuwa mmoja, na kwa huyo mmoja wameongezeka. Hapo niliandika pembeni kwa penseli: n, kisha n + 1. Hilo ongezeko analiita ubunifu, kwa Kiingereza chake creativity, na anasema hakuna kilichopo kisichokuwa nalo, hata Mungu mwenyewe.

Mungu yuko mwishoni, ukurasa wa 342 hadi 351, na kurasa hizo kumi peke yake zinalipa elfu tisa. Analalamika kwamba Kanisa lilimpa Mungu sifa za Kaisari. Nilicheka peke yangu, maana ndivyo nilivyolelewa: Mungu kama Bwana Shauri wa enzi za mkoloni, amekaa barazani, amri zinatoka, sisi tumevua kofia. Wa Whitehead haamuru. Upande wake mmoja anayashika yote yanayowezekana na kuliwekea kila tukio lile lililo jema zaidi kwa hali yake, kwa kulivuta tu. Upande wa pili anaupokea ulimwengu kama ulivyotokea, nao unamgusa.

Mimi ni Mmoraviani, tena mwimba besi, na sijakubali yote. Tumefundishwa Mungu aliumba pasipo kitu, na Whitehead hilo halitaki. Tena Mungu wa kubembeleza tu, lori likikatika breki mteremko wa Iwambi unamwomba nini?

Ila kuna hili. Mke wangu alifariki mwezi wa nne mwaka juzi, na msibani kila aliyeshika maiki alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Niliitikia amina. Lile "ametwaa" likanikwama kooni mpaka leo. Whitehead naye alifiwa na mwanawe wa mwisho, Eric, rubani, mwaka 1918. Katika kurasa hizi hamtaji. Lakini kwenye 351 anamwita Mungu mwenzi mkuu, anayeteseka pamoja nasi na anayeelewa. Huyo hatwai, anapokea kilichokwisha kupita. Mke wangu alikuwa akipepeta mchele wa Kyela huku anaimba kwa kuguna, sauti ambayo haikuwa ya kwanza wala ya pili, na mimi nilikuwa namsahihisha. Kihesabu, pale pa kupokea hapana uthibitisho. Nimepasoma mara nne.

(John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, mwaka 1969 aliyachukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, akaifanya zamani kuwa bahari inayomeza kila kilichotukia. Wangekutana hawa wawili wangeongea usiku kucha.)

Sasa lawama. Baada ya 351 kinafuata jalada. Faharasa yote imenyofolewa, na kwa kitabu ambacho neno moja limeelezwa robo huku na robo kule, hilo ni kama kuuziwa kufuli bila ufunguo. Nilirudi. Kijana hakubisha.

"Baba, zile nilimpa mama wa karanga. Zilikuwa orodha ya maneno tu, hamna hadithi."

Akanirudishia elfu mbili bila kuombwa mara ya pili. Kwa hiyo muuzaji nyota tatu, kitabu nyota nne, na ukikipata kizima kwa elfu kumi usibishane sana.

Mama wa karanga anakaa karibu na Kabwe. Nimeshanunua kwake pakiti sita. Tano zilifungwa kwa gazeti. Ya sita ni kipande cha herufi C, kimelowa mafuta, ila mstari wa Creativity bado unasomeka.