MemTest86 ilivyonionyesha RAM mbovu baada ya gemu kugoma kusakinishwa

Gemu kubwa likigoma kusakinishwa na ujumbe ukasema faili limeharibika, usikimbilie kulipakua upya. Kwa bei za bando zetu, GB 70 si kitu cha kurudia kwa kubahatisha.

Kwangu usakinishaji ulikuwa ukikwama kila mara mahali tofauti, mara mwanzoni, mara unakaribia kumaliza. Faili bovu kwa kawaida hukwama palepale. Nafasi kwenye diski ilikuwepo, na antivairasi nilishaizima. Nikafungua Command Prompt, nikaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Amri hii hukokotoa alama ya faili, na faili lisilobadilika lazima litoe alama ileile kila mara. Nikarudia kwa faili lilelile: majibu mawili tofauti! Faili halijaguswa, kwa hiyo tatizo liko kwenye mashine inayolisoma.

Ndipo nikaweka MemTest86 kwenye flashi. Ni programu ya PassMark ya kupima RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na toleo la bure linatosha kabisa kwa kazi hii. Windows ikiwa imewaka, sehemu ya RAM inakuwa inatumika na haipimiki vizuri. MemTest86 huwaka yenyewe kutoka kwenye flashi, hivyo inaifikia karibu RAM yote. Toleo la bure hupima mizunguko minne, na kwenye RAM kubwa ni kazi ya saa nyingi, kwa hiyo iwashe usiku ulale. Kwangu makosa yalianza kujitokeza mapema. Hata kosa moja tu halikubaliki, kwa sababu ndani ya faili lililobanwa, biti moja ikigeuka inaweza kuharibu mengi yanayoifuata, na kisakinishi kikikagua hesabu zake kinakataa kuendelea.

Kinachonikera ni kwamba MemTest86 haikuniambia stiki (kipande) ipi ya RAM ni mbovu. Nilizima kwanza XMP (mpangilio unaoongeza kasi ya RAM) kwenye BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, ili RAM irudi kwenye kasi yake ya kawaida, makosa yakabaki. Ikabidi nichomoe stiki na kupima moja moja mpaka mbovu ikajulikana. Picha ya kioo chenye makosa ilitosha kwa muuzaji. Alinibadilishia bila ubishi, na gemu likaingia kwa mafaili yaleyale niliyokuwa nayo. MemTest86 naipa nyota nne. Wenye mashine za zamani zisizo na UEFI (mrithi wa kisasa wa BIOS) watafute toleo la 4, matoleo mapya hayatawaka.

Na kama RAM ikitoka safi huku una prosesa ya Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 ya kompyuta ya mezani, elekeza macho huko. Mwaka 2024 Intel ilikiri tatizo la volti kwenye prosesa hizo, ikatoa marekebisho ya programu yenye namba 0x129 mwezi Agosti na 0x12B Septemba, na kuongeza miaka miwili ya waranti. Marekebisho hayo huja na BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji wa ubao mama wako. Yanazuia madhara yasitokee, lakini prosesa iliyokwisha kuharibika hayaiponyi. Hiyo idai waranti.