Scribus nimeipenda, duka la uchapaji limenitoa roho

Naandika kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kuwa na adabu.

Mtu anapokea PDF iliyoandaliwa kwa ajili ya mashine ya kuchapa. Anaifungua, anaipunguza mpaka ukurasa wote uonekane, anapiga picha ya skrini. Picha hiyo anaibandika kwenye Word, anaivuta kona mpaka ijae, halafu anaprinti. Mimi nimesimama hapo hapo upande wa pili wa kaunta, nayaona yote. Nikamwuliza, "Kaka, mbona unaipiga picha?" Hata shingo hakugeuza. "Dada, hapa kazi zote zinatoka hivi."

Hapa ni Dodoma mjini, siku chache kabla ya Nanenane, wakati kila mwenye banda Nzuguni anataka bango lake leo hii. Foleni naielewa. Ila foleni haimlazimishi mtu kupiga picha ya skrini.

Kazi yenyewe ilikuwa vipeperushi vya A5 vya kikundi cha akina mama wa Hombolo wanaotengeneza juisi na mvinyo wa zabibu. Nilivipanga kwa Scribus, programu ya kompyuta ya kupangia kurasa za kuchapa, mwanzo mwisho. Sifa zake mtasoma wenyewe, mimi nasema yaliyonigusa: ni ya bure, haili bando, na laptopu yangu ya siku nyingi iliibeba bila kuganda. Canva naitumia kila siku kwa posti za Instagram, lakini bando likikata unabaki unakodolea kioo. Kitu kingine, Scribus inakusuta kabla hujatoa PDF: picha hii haina ubora wa kutosha, maandishi haya yamefurika kwenye kisanduku. Mwanzoni inaudhi. Baadaye unaishukuru.

Si kwamba haina ubaya. Kijedwali cha bei tu kilinitoa jasho. Na faili uliyohifadhi kwa toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani, kwa hiyo mwenzangu aliyeko Chamwino hakuambulia kitu mpaka alipoweka jipya.

Kwenye rangi ndiko nilikohangaika zaidi. Zambarau ya zabibu ndiyo roho ya kipeperushi kile. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inachanganya wino wa rangi nne, na zambarau ile inayong'aa kwenye simu wino hauifikii. Basi nikaiweka kwenye CMYK, yaani hizo rangi nne za wino, nikaishusha mpaka mahali ambapo wino unaweza. Nikaongeza milimita 3 kila upande, ndiyo wanayoiita blidi, ili kisu kikipita kisiache ukingo mweupe. Picha zote nukta 300 kwa inchi. Fonti zimo ndani ya PDF. Hata kutuma WhatsApp nilituma kama dokumenti, si kama picha, ili isiminywe.

Halafu mtu anaipiga picha!

A5 kwa ubora huo inataka pikseli 2,480 kwenda juu. Kioo cha kompyuta za namna ile mara nyingi kina 768, na hapo hujatoa vile vitufe vya juu na vya chini. Kwa hiyo zaidi ya theluthi mbili ya kazi imekwenda na maji kabla mashine haijavuta karatasi. Zambarau ikatoka kama maji ya ukwaju. Herufi zina ukungu, na kwenye namba ya simu ya mwenyekiti 3 inasomeka 8. Alama za kukatia zikabaki humo humo kwenye karatasi, akaniambia eti ni dizaini yangu.

Nikamwambia hii siipokei. Akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Rangi ya kompyuta na ya karatasi hazifanani, dada. Kama unajua sana, kanunue mashine yako." Foleni ikacheka. Hapo mori ukanipanda, na niliyoyasema sitayaandika.

Kelele zile ndizo zilizomtoa mzee mmoja chumba cha nyuma, anajifuta wino vidoleni. "Mbukwenyi," akatusalimu, bila haraka yoyote. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaomba flashi. Akaifungua ile PDF kwenye programu ya mashine yenyewe, akaniuliza, "Blidi umeacha ngapi, mwanangu?" Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo katika mji huu. Akatoa nakala moja tu, akaisogeza dirishani, akaitazama mbele na nyuma. "Zambarau hii umeridhika nayo?" Niliridhika jamani! Ilikuwa ile ile, na namba ya simu inasomeka hata na mtu asiye na miwani. Zile 500 zikatoka zote, zikakatwa sawasawa.

Kwa hiyo nilitaka kulipatia duka nyota tatu kwa ajili ya mzee. Nikaenda kulipa. Yule yule wa kaunta kanipigia hesabu na zile karatasi za ukwaju, "zimetumika, dada." Zimetumika na nani? Risiti ya EFD nayo mpaka tugombane. Basi nyota moja, na hiyo ni ya mzee, akitaka aondoke nayo.

Scribus naipa nne. Ya tano imebaki kwenye lile jedwali.

Mkienda, pelekeni flashi, ombeni nakala moja muione kabla hawajachapa zote, na ulizeni kwanza kama mzee yupo. Kama hayupo, geuzeni. Mimi nina lebo za chupa, msimu wa pili wa zabibu ndio huu, na nimezunguka mji mzima sijaona anayekata lebo vizuri kumzidi yule mzee. Kesho nazipeleka kwake, nitapitia mlango wa nyuma.