Saluni ya nyuma ya stendi ya Msamvu, Morogoro: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nianze na nywele, maana ndizo nilizozilipia. Rasta nyembamba za kufika mgongoni, Sh 35,000 kwa ufundi. Rasta zenyewe unakuja nazo, au unanunua palepale kwa bei ya kuumiza kidogo. Wasusi wawili walinishika kichwa saa tano nzima. Mistari imenyooka, nywele za pembeni hazikuvutwa, na usiku nililala bila dawa ya maumivu. Wiki ya pili sasa, hakuna iliyochomoka.

Kiti ndicho kesi. Unakalia stuli ya plastiki, huna pa kuegemea, na mimi mgongo wangu si wa mwaka jana. Choo ni cha kuomba kwa jirani.

Ninarudi pale kwa ajili ya mwenye saluni, ambaye wateja wote tunamwita Shangazi. Jumamosi hiyo redio iligusa umri wa kuolewa, saluni ikawaka. Mama mmoja wa makamo, anasukwa twende kilioni, akasema: "Binti amemaliza la saba, hakufaulu. Mnataka nikae naye ndani afanye nini?"

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilimrukia. Nikammwagia Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13: mwanamume 18, msichana 15, na mahakama ikiridhika hata 14. Nikaongeza kwamba mwaka 2016, katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho na cha 17, kile cha ridhaa ya mzazi, vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Yote hayo kwa sauti ya darasani, kidole juu.

"Haya, mwalimu," yule mama akasema, akageukia ukuta.

Shangazi akaweka kitana chini. "Mwalimu, umeshinda. Sasa niambie, mwenzio anaogopa nini?"

Nikabaki mdomo wazi. Akamgeukia yule mama: "Na wewe, mwalimu anaogopa nini?"

"Anaogopa mtoto afie leba," akajibu papo hapo.

Ilinichoma. Nilikuwa sijalitaja hilo hata kidogo, na ndilo linaloninyima usingizi kila binti wa kidato cha pili anapoacha kuja. Ikabidi na mimi nijaribu: nikasema labda anaogopa mimba ya nyumbani. Akasema nimekaribia. Mdogo wake alizaa akiwa na miaka 16, kijana akakimbilia machimboni Geita, na huyo mtoto analelewa na yeye mpaka leo. Ndoa kwake ni kupata mtu wa kumshika shati.

Nilichokipenda ni kwamba Shangazi hakuishia kwenye kuhurumia. "Huyo wa Geita, angeoa asingekimbia?"

Mama akacheka, si kwa furaha. "Angekimbia, na mahari angeidai."

Bibi mmoja aliyekuja kupakwa hina akasema dini yake inatazama kupevuka, haihesabu miaka. Shangazi ni Mwislamu mwenzake. Hakubishana naye, alimuuliza tu kama mjukuu wake angemwoza mwaka huu. "Huyu? Ugali tu haujamwivia!" Hatukukubaliana na bibi, lakini hakuna aliyemzomea, naye akabaki mpaka hina ikakauka.

Kuanzia hapo ndipo vifungu vyangu vikapata kazi. Nilieleza kwamba tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumuoa mwanafunzi ni miaka 30 jela, na kwamba ndiyo maana aliyekwisha toka shule ndiye anayebaki kwenye tundu la ile sheria ya 1971. Yule mama akauliza kuhusu chuo cha ufundi cha VETA Kihonda. Nilijibu ninachokijua, safari hii kidole kikiwa mapajani.

Nyota ya tano sasa, tukiacha stuli. Kuna binti anayepasha maji na kufagia nywele pale, kwa kumtazama hajafika 18. Katika mazungumzo yote yale ya mabinti wa umri wake, Shangazi, hodari wa kuuliza kila mtu, hakumuuliza yeye hata neno. Mimi pia sikumuuliza. Nilimwona amesimama na birika muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji.

Msiende mwisho wa mwezi, foleni inafika barabarani. Fikeni kabla ya saa mbili asubuhi, bebeni mto wa kukalia na chenji. Mimi narudi mwezi ujao kufumua. Nina fomu ya Kihonda ya kumpelekea mtu.