TAHADHARI: Seti feki za ukuta wa moto wa ndege

Wenzangu mnaojijengea ndege ndogo, kuna muuzaji mtandaoni anatangaza "seti kamili ya ukuta wa moto": bati la kutenga injini na chumba cha rubani, gundi ya kuzibia, kinga ya joto na vipitishio vya nyaya, kwa karibu nusu ya bei. Msimtumie pesa. Mimi nimeshauziwa.

Tangazo linasema stenlesi 304 ya milimita 0.4, yaani chuma kisichoshika kutu ambacho kwa kawaida sumaku haikinasi kwa nguvu. Bati nililopokea linanaswa na sumaku kwa nguvu, na maikromita inasoma 0.3. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Chuma cha namna hiyo si kibaya chenyewe. Kanuni za Marekani za ndege ndogo kwa miaka mingi zilikikubali bila majaribio, mradi kimekingwa kutu na hakipungui milimita 0.46. Stenlesi iliruhusiwa kushuka hadi 0.38. Hili halifikii hata kimoja.

Kilichonikasirisha zaidi ni vipitishio. Ni vya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, wakati ukuta wa moto hupimwa kwa mwali wa nyuzi 1,100 hivi kwa dakika 15. Bati lihimili, kipitishio kiyeyuke, basi moto umepata tundu la kuingilia miguuni pa rubani. Vipitishio vinatakiwa viwe vya chuma! Gundi nyekundu nayo ni silikoni ya gasketi iliyobandikwa lebo nyingine. Hiyo huishia nyuzi mia tatu na kitu. Kinga ya joto ni sponji lenye karatasi ya kung'aa. Nilichoma kipande nje, kikawaka na kutoa moshi mweusi mzito. Ukikibandika upande wa rubani, bati likishapata moto kitaungua humo ndani hata kama mwali haujapenya.

Nilipodai pesa zangu alinitumia "cheti cha kiwanda" kisichotaja unene wala namba ya chuma, kisha akanizuia. Akaunti ameibadilisha jina, lakini picha ni zile zile, na bado anataka alipwe yote mapema kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Aliyekwisha kufunga seti hii asiruke nayo. Pima unene wa bati, kisha kwangua kipitishio kimoja kwa tupa: alumini hulika upesi sana. Na tunzeni risiti na mazungumzo yenu naye, tuyapeleke polisi kwa pamoja.