Kichupa cha elafini, na yule karani wa mzigo

Nianze na kikombe cha chai, maana ndicho kilichonipandisha mori. Kilikuwa juu ya boksi langu, lenye kichupa cha elafini, protini niliyoiagizia maabara yetu. Boksi jeupe la foamu, limebandikwa onyo la jua pande zote, limewekwa dirishani likipigwa na jua la saa nane mchana, kaskazi hii, na juu yake karani ameegesha chai ya rangi na mahamri mawili. Ofisi ya mzigo yenyewe siitaji. Iko hapa hapa Mombasa, na aliyewahi kufuata mzigo pale atamjua huyo karani bila mimi kumchora.

Nikamuuliza limekaa pale siku ngapi.

"Mama, kwani hii ni insulini? Nani atakufa?"

Hakuinua hata macho. Alipoyainua akasoma karatasi: protini. "Aah, hizi za vijana wa jimu!" Nikamwambia ni ya utafiti wa ngozi na saratani. Kilo ngapi? Maikrogramu 50. Hapo ndipo nilipojiponza, nikajitia kumfafanulia kwamba ni kama punje moja tu ya chumvi ya mezani. Akatazama bei. Akamwita mwenziwe wa ndani: "Njoo uone, kuna mtu amenunua punje ya chumvi kwa pesa za mbuzi wawili!" Wakacheka mpaka askari wa mlangoni akaja kuuliza kuna nini, naye akaelezwa, naye akacheka. Nilitia sahihi mkono ukitetemeka, nikapanda tuktuk hadi Tudor nimelipakata boksi kama mtoto mwenye homa, moyoni nikiwatungia matusi ambayo hapa sitayaandika.

Kwa ambao nao wanaiona ni punje ya chumvi: elafini ni kizuizi. Mwilini mwetu kuna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kukata protini, yaani mikasi. Chembe nyeupe za damu hubeba mkasi mmoja mkali sana, elastasi, ambao ukiachiwa bila mlinzi hutafuna hata zile nyuzi zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi. Elafini hujipachika kwenye makali ya mkasi huo na kuyaziba. Iligunduliwa mwaka 1990 kutoka ngozi ya wagonjwa wa soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kuwa na magamba. Ngozi isiyo na ugonjwa haina elafini karibu yoyote. Kwenye saratani ni kigeugeu: uvimbe wa matiti mara nyingi huipoteza, wa ovari mwingine huizalisha kwa wingi. Sisi tunaitaka kwa ajili ya saratani ya ngozi ya chembe bapa, ile inayowaandama wenzetu wenye ualbino kwa jua hili hili lililokuwa likikaanga boksi langu.

Basi nikafungua. Kichupa kitupu.

Sisemi kina kidogo. Kitupu! Nikakigeuza kwenye taa, nikakigonga kwa ukucha, hamna. Nikaketi kwenye kompyuta nikawaandikia wauzaji barua ndefu, kali, yenye maneno "wezi" na "Afrika" ndani yake. Niliituma. Najuta, lakini si sana.

Mzee wetu wa maabara akapita na kikombe chake cha kahawa chungu. "Mwanangu, umekizungusha kwenye mashine?" Sikuwa nimekizungusha. "Na karatasi umeisoma?" Sikuwa nimeisoma, nilikuwa nimekasirika. Yakhe, unga wa kiasi hicho hauonekani kwa macho! Huwa ni utando tu kwenye kioo, au umerukia kwenye kifuniko, na ndiyo maana kichupa huzungushwa kwanza kwa kasi kwenye mashine, unga ushuke chini, ndipo kifunguliwe. Ukifungua kwa papara kama yangu, mbuzi wako wanaondoka na upepo wa feni.

Tukazungusha, tukatia maji safi, tukaacha ilale kidogo. Kesho yake tukaijaribu. Kipimo chenyewe kinapendeza kukitazama: unaitia elastasi kwenye visima, yaani vishimo vya sahani ya plastiki, pamoja na kemikali ambayo ikikatwa hutoa rangi ya manjano. Safu ya kwanza, isiyo na elafini, ikageuka manjano kama maji ya bizari. Safu ya pili, yenye elafini, ikabaki nyeupe pe. Nikangoja. Nyeupe. Nikamwita mzee, nikamwita na yule dada wa usafi, nikapiga kigelegele ndani ya maabara, jambo ambalo Dokta ameshalikataza.

Kwa hiyo bidhaa ni nzuri. Nilitaka kuandika nyota tano. Halafu nikaisoma ile karatasi vizuri, na humo wameandika kwamba unga mkavu husafirishwa katika joto la kawaida tu, hauhitaji barafu. Ina maana karani alikuwa sahihi! Kwa ujinga, kwa bahati, lakini sahihi, hakuna aliyekufa. Wallahi hilo limeniuma kuliko chai. Na tena, joto la kawaida la nani? La aliyeiandika karatasi akiwa na koti, au la dirisha lile la mjini saa nane? Wauzaji walinijibu kwa upole mno, na hilo swali wakaliruka.

Kasoro moja nyingine, hii ni yangu. Sikuigawa kwenye vichupa vidogo siku ile ile. Kila nilipohitaji tone nikaiyeyusha yote, nikaigandisha tena, na safu ya pili sasa inaanza kuwa na umanjano kwa mbali. Gaweni mapema. Nyota nne, basi. Tatu nikikumbuka usafirishaji.

Juzi kichupa cha pili kimefika. Yule karani amenipigia mwenyewe: "Dada wa protini, mzigo wako upo, na safari hii nimeuweka kwenye friji." Nikaenda. Ulikuwa kwenye friji kweli, umebanwa kati ya soda mbili na bakuli la mbaazi. Nikamshukuru. Habari ya joto la kawaida sikumwambia.